Boti Yako Ilale Juu ya Mbao

Basi nilipomuuliza vile mbele za watu, yule Hemedi wa gereji hakubishana. Aliinama pale hoshini, uani, akaziokota rola zake za tela la boti, akazirudisha kwenye gunia, akasema, "Za kwangu, Mama Nassor." Akapanda gari akenda zake. Na wewe ukabaki umesimama na spana mkononi, mafuta mpaka kwenye kiwiko, ukanambia neno ambalo mpaka sasa hivi, na alasiri imeshaswaliwa, limenikaa hapa kifuani. Ukasema, "Mama, ulimfukuza Bi Asha, sasa umemfukuza na Hemedi."

Tokea hapo hujanifungulia mdomo. Hata chakula umekwenda kula na wale mafundi wa ukuta wa nyumba ya pili. Nimekuona kwenye dirisha la jikoni, usidhani sikukuona. Na wali wao haujaiva vizuri, nimeona unavyotafuna.

Kwa hivyo nimemshika Mueni aniandikie. Mueni huyu huyu, nesi wa Kikenya anayemwangalia mzee wa nyumba. Mzee kalala, na yeye ana nafasi yake kidogo. Mie kalamu siijui, Nassor, unajua. Nimemwambia kila nikifika mahali anisomee, maana mtu akikushikia kalamu anaweza kuchomeka na maneno yake. Anacheka. Anasema, "Mama, mimi naandika tu vile unasema. Hata ile ya wali nimeandika." Haya, tutaona.

Sitokwambia habari za kula wala za kufua wala za kulala mapema. Kupika unajua, na huyo mke utakayempata huko atakuta umemshinda. Kuswali ni baina yako na Mola wako. Mie nataka kusema habari ya tela.

Maana kesho alfajiri unaivuta boti ile kwa pikapu ya ami yako wa Maskati. Utoke hapa Wakra, Qatar, ukate Saudia, ukate Imarati, mpaka Maskati. Njia yote hiyo boti imekaa mgongoni kwa tela. Na visa yako ya hapa imeshafutwa, udereva wa nyumba hii umeshauacha, kitanda chako atalala dereva mwengine, wamesema ni Mnepali. Huko unakokwenda kula yako yote ni boti, kuwachukua watalii kuwapeleka kutazama pomboo. Boti ikifika imebonyea tumbo, au rangi imechubuka na bati limeanza kuliwa, utawapandisha nani? Na utarudi kwa nani?

Na tela lenyewe mpaka saa hii ni chuma kitupu. Mbao za zamani mmezing'oa zimeoza. Rola za Hemedi zimekwenda na Hemedi. Boti imekaa juu ya matairi pale chini ya ukuta kama mgonjwa aliyekosa kitanda. Nami ndiye niliyefanya hivyo. Wewe husemi lakini ndivyo unavyosema.

Sasa sikiliza. Boti hii mie naijua kuliko wewe. Wewe umepewa na Bu Khalid, huyu mzee wa nyumba, mwaka huu, alipoona miguu yake haimchukui tena kwenda baharini. Mie naijua tangu ilipoingia geti hili mpya, nyeupe, na mstari wa kijani ubavuni, aluminiamu tupu chini ya rangi. Wewe wakati huo uko Unguja kwa bibi yako, unakimbizana na mbuzi. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa nyumba hii, na kuivuta boti pia ilikuwa kazi yake. Bu Khalid akamwambia hizi mbao zilizokuja na tela ni kavu mno, zitakwangua rangi, tafuta njia.

Na mwaka ule, kama kila mwaka karibu na Ramadhani, walikuwa wanabadilisha mazulia ya majlisi, ukumbi wao wa wageni. Unawajua. Zulia halijachakaa, halina hata tundu, wanalitupa nje wanatandika jipya. Mie nikasema, katika nyumba hii mgeni hakalishwi patupu, na boti nayo ni mgeni. Nikalichukua lile zulia jekundu la maua, nikalikata mwenyewe, nikalishona kwa shazia kuzunguka mbao. Na mbao zenyewe babako alizileta mpya kutoka Sinaiya, kule kwenye magereji na viwanda, zile za rangi ya kijanikijani zilizotiwa dawa, zisiliwe na mchwa wala zisioze na maji. Ukizitazama unasema hapa mambo yamekwisha. Tukacheka sana siku ile. Babako akasema boti ya Bu Khalid inalala pazuri kuliko sisi.

Mueni ananiuliza sasa, kwani zulia lina shida gani. Ngoja, bibi wee, unakimbilia wapi.

Watu wakawa wanakuja kuitazama. Akaja na Bi Asha, Mpemba, mpishi wa nyumba ya jirani. Bi Asha alikuwa mwenzangu. Tulikuwa tukitwanga pamoja, tukigawana nazi zikija, akiumwa mie nawapikia matajiri wake uji ili asigombwe. Basi akaizunguka boti, akapapasa lile zulia, akasema, "Lo, boti nzuri hii, mpaka inatia wivu." Nikangoja aseme mashallah. Hakusema. Nikamkaribisha chai, akanywa, akaenda zake, na mie nikaliweka lile neno.

Baridi ilipoingia rangi ikaanza kuvimba chini ya tumbo. Malengelenge madogo madogo, kama andazi lililokandwa vibaya. Ukilibonyeza moja linapasuka, ndani mna unga mweupe. Bu Khalid akamjia juu babako, kwamba haioshi boti. Babako akaapa kuwa kila akirudi baharini anaiosha kwa maji ya bomba. Na ni kweli, nilikuwa namsikia. Sasa kama si uchafu ni nini? Mie nikajua. Nikasema hili jicho.

Nikafanya dawa. Nikafukiza ubani chini ya boti kila Alhamisi. Na nikachukua chumvi, ile ya mawe, nikaimwaga juu ya zulia kutoka huku mpaka kule, nyingi, nikanyunyizia na maji ili ishike. Husda haikai penye chumvi. Kila wiki. Na kila wiki malengelenge yanazidi, nami nikizidi kuona jinsi jicho la Asha lilivyo kali. Nikawaambia wapishi wa mtaa mzima. Sikuwaambia kwa ubaya, niliwaambia wajihadhari.

Asha akasikia, atakosaje? Akaja na bakuli langu alilokuwa kaliazima, akaliweka chini mlangoni pa jiko, hakunipa mkononi, akaondoka. Hakusema hata neno. Nami unajua niliona nini? Niliona ndiyo ushahidi wenyewe. Mtu asiye na hatia si angejitetea?

Mueni ameacha kuandika ananitazama. Andika.

Halafu Bu Khalid akasafiri, boti ikakaa hoshini muda mrefu bila kugusa bahari. Siku moja babako akaipandisha kwa jeki aikwangue aipake rangi upya. Akaniita. Akanishika mkono akanigusisha lile zulia. Bichi, Nassor. Bahari haijaiona tangu lini, jua la Doha unalijua, na zulia kwa chini bichi, linanuka kama tambara la kudekia. Akalivua. Akanionyesha tumbo la boti. Pale zulia lilipogusa, bati limetoboka vitundu vitundu, kijivu, unga unga. Pale zulia lisipogusa, rangi inang'aa kama siku ilipokuja. Mstari umekatika sawasawa kama kwa rula. Akaniuliza taratibu, maana hakuwa mtu wa kupiga kelele, "Mama Nassor, jicho gani hili linafuata upana wa zulia?"

Nami ni mpishi. Nimekuwa jikoni tangu sijavunja ungo. Wasichana wangapi nimewagombeza hapa, usiniachie samaki wa ndimu na chumvi kwenye sufuria ya aluminiamu usiku kucha, sufuria italiwa? Na boti ni nini kama si sufuria kubwa? Nikaikalisha juu ya tambara la maji ya chumvi, na yalipokuwa hayatoshi ya bahari nikaongeza ya kwangu. Na mzee mmoja pale bandarini Wakra akamwambia babako kuwa hata zile mbao za kijani si za kuweka chini ya aluminiamu, ile dawa yake inalila bati. Kwa hivyo yote yaliyoila boti ile niliyaweka mimi na babako, kwa mapenzi, tunacheka.

Nilimwendea Asha. Hili hulijui, unajua tu kuwa tuligombana. Matajiri wake walikuwa wameshahamia Rayyan, nikamwomba babako anipeleke. Akatoka mpaka getini. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, habari zako wewe kwa jina, akaniletea kahawa na tende kwenye sinia. Yeye hakukaa. Nikamwambia, Asha, lilikuwa zulia. Akasema, "Alhamdulillahi, mmejua." Akaondoa sinia. Nilirudi nimekaa kwenye gari nashikilia mkoba wangu kama ninaibiwa.

Soma hapo, Mueni. Hapo pa Asha. Haya, sawa.

Lakini usidhani tangu siku ile nimeacha kuwatilia watu shaka. Sikuacha. Mtu aliyefanya kazi nyumba za watu hawezi kuacha. Kijiko kikipotea wewe ndiye wa kwanza kutazamwa, nawe unajifunza kutazama. Hata wewe nilikutilia shaka. Ulipofika hapa una miaka kumi na tisa nimesimama pale uwanja wa ndege wa zamani na babako, likatoka jitu refu limenyoa kipara, linanambia "Mama, shikamoo" kwa sauti nzito. Mie mwanangu niliyemwacha alikuwa hafiki kwenye kiuno changu. Nikakuinamisha, nikalikunja sikio lako la kushoto, nikatafuta lile kovu la ulipoangukia mbuzi ya kukunia nazi. Watu wanapita na mizigo wanatazama. Nilipoliona ndipo nikakukumbatia. Babako akasema, "Basi tunaweza kumchukua huyu, au unataka na pasipoti?"

Tangu nilipokuacha, tumekaa pamoja nyumba moja kwa mara ya kwanza hapa, kwenye chumba hiki cha nyuma cha watu wengine. Miaka ile mingine yote ulikuwa sauti kwenye simu. Ndiyo nakwambia, nikikutazama sana usiseme mama ana wasiwasi. Bado nalitazama lile kovu.

Sasa Hemedi. Ntakwambia kwa nini nilimuuliza vile.

Kwanza ulimi wake. Watu wa Tanga wana maneno matamu, hilo halina ubishi. Mtu anakupa shikamoo ukiwa jikoni, anakupa tena ukitoka hoshini, anakupa tena ukirudi, huyo anataka nini? Pili, zile rola. Gunia zima, na hajasema bei. Nikamuuliza kazitoa boti ya nani. Ndiyo, nilimuuliza hivyo hivyo, "Umeivua boti ya nani?" na wale mafundi wakageuka, na yule mtunza bustani akageuka. Wewe ukanambia gari lake lilipotoka, kabla ya lile neno lako, kuwa kazivua kwenye tela lake mwenyewe, lile alilokuwa analiunda pale gereji Sinaiya ili siku moja naye awe na boti. Nami badala ya kutulia ndio nikazidi. Nani anabomoa chake kumpa anayeondoka? Wewe kesho haupo. Hutomlipa, hutomfaa kitu. Nimelizungusha hili tangu mchana, nikikata vitunguu nalizungusha. Labda anakitaka hiki chumba? Hawezi, wamekwisha mweka Mnepali. Labda anataka umwite Maskati? Mbona anasema yeye na Sinaiya watazikana?

Nimemuuliza Mueni. Anasema, "Mama, labda ni rafiki yake tu." Kalisema kama jambo jepesi. Sijui. Nami nimekaa nikafikiri kuwa sijawahi kumwona mtu akikupa kitu wewe bila mie kwenda kukinusa kwanza.

Lakini hata kama Hemedi ni malaika, rola zile zote sizitaki chini ya boti ile, na sababu yangu haimhusu yeye. Fikiri sufuria. Ukiiweka juu ya mafiga matatu ikiwa nyembamba na imejaa, siku nyingi zikipita inabonyea pale jiwe linapogusa. Rola ni mafiga. Boti nzima uzito wake unakaa kwenye vipande vidogo vidogo, na hiyo njia ya Saudia sehemu nyingine ni mashimo na mchanga, inaruka inatua, inaruka inatua, palepale. Utafika na tumbo la mabonde. Na zile za mpira mweusi zinaacha michirizi kwenye rangi, haitoki hata kwa sabuni. Na rola moja ikishikwa na chumvi ikakataa kuzunguka, haiviringishi tena, inakwangua. Kila unavyovuta boti ni kama unaisugua kwa stili waya. Mbao ndefu inaibeba kama mkono umeilalia ubavuni, kote kote. Ndivyo babako alivyofanya baada ya zulia. Mbao nyeupe isiyo na dawa, juu yake ukanda wa plastiki ngumu kama ule ubao wangu wa kukatia nyama, haunywi maji, haushiki chumvi. Vichwa vya skrubu vimezamishwa ndani, ukipitisha kiganja husikii kitu. Upitishe kiganja, Nassor. Usiangalie kwa macho, jicho linapita juu juu. Na mbao zikae chini ya mataruma, zile mbavu za ndani, si katikati ya mbavu na mbavu palipo na bati tupu.

Mueni anasema "mataruma" ataandikaje, hajawahi kulisikia. Mwandikie hivyo hivyo, yeye atalijua.

Na kwa kuwa plastiki inateleza, usifungue winchi wala mkanda mpaka maji yameishika boti. Hili usiniulize tulilijuaje. Haya, ntakwambia. Babako alikuwa kwenye mteremko hapo bandarini, mie nimo garini na wali nimeuacha jikoni, nikamwambia harakisha fungua, maji hayo hapo. Akafungua. Boti ikashuka peke yake kama mtoto kwenye mtelezo, ikatua kwenye saruji, kwaa. Bandari nzima ikasimama. Ile alama kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, pale nyuma, uliyoniuliza imetoka wapi, imetoka kwenye wali wangu.

Sasa la mwisho la tela nalo ni gumu kwangu kulisema, kwa hiyo Mueni andika haraka. Hemedi alisema jambo asubuhi, kabla sijamuuliza lile swali. Alisema pwani ya ami yako haina kina, ni mchanga mrefu, maji ya magoti mpaka mbali. Kwa mbao tupu itabidi ulizamishe tela sana, na pikapu nayo inywe maji, na uko peke yako. Kwa rola unaivuta boti kwa winchi mwenyewe mpaka inapanda. Nilimsikia. Nilijifanya naangalia kitu kwenye ndoo. Nilimsikia na nilijua ni kweli, maana mie nilikuwa naiona pwani hii tu ya hapa yenye mteremko wa saruji, hiyo ya Maskati sijaiona. Ndipo nikauliza habari ya boti ya nani, kwa sababu sikuwa na jibu jengine.

Kwa hivyo nadhani ni hivi. Mbao ndefu mbili ubavuni zibebe uzito. Na rola katikati tu, chini ya mkuku, hapo ndipo boti ilipo nene, ziiongoze ikipanda. Na ziwe zile zake za manjano, ngumu, alizokuwa nazo chini ya gunia. Niliziona. Zile nyeusi azirudishe.

Ami yako naye sijui. Pikapu kaituma upesi mno, na tangu babako afe simu zake nazihesabu kwenye vidole. Huenda ni mapenzi ya damu, huenda ameona boti. Nilitaka kukwambia uwe macho naye, nilipoanza nikaisikia sauti yangu ni ile ile ya siku ya ubani. Basi mtazame tu. Kitu kikiharibika huko, rangi ikivimba, hesabu ikikataa, mtalii akikasirika, anza na kitu chenyewe, kiguse, kinyanyue, tazama chini yake. Mtu mwache awe wa mwisho. Mie sijaweza, nakwambia kitu ambacho sijakiweza, ndivyo kilivyo. Leo asubuhi nilianza na mtu tena.

Na kama Hemedi hatorudi jioni hii, mfuate wewe. Usiogope kuwa utakuwa umenivunjia heshima. Mwambie mama kasema rola za manjano katikati. Mwambie, basi, mwambie vyovyote. Mie kwa Asha nilichelewa, nilingoja mpaka nikawa na uhakika, na nilipokuwa na uhakika yeye alikuwa hana haja nao. Sitaki uvuke mpaka huku huyu kijana kanuna Sinaiya na tela lake limevuliwa nusu. Sina rafiki wa kukuonyesha katika mji huu wote, Nassor. Wewe unaye huyo.

Soma, Mueni. Kuanzia "mfuate wewe."

Anasoma vizuri. Hajachomeka kitu.

Kuna honi getini. Ngoja. Mueni, chungulia, ni gari gani hiyo? Anasema ni pikapu nyeupe, ina mbao ndefu nyuma, zimefungwa kitambaa chekundu kwenye ncha. Anashuka mtu. Ni yeye? Ni yeye.

Anaongea na Nassor. Sisikii. Fungua dirisha kidogo, usilifungue lote, wataona tumesimama.

"Mama Nassor, shikamoo." Huyo, kaanza na shikamoo zake. Marahaba. Mwambie marahaba. Anasema kaleta mbao, na rola za katikati tu, na barua hii bado sijaitoa. Nimemuuliza hapo dirishani, mbao zako zina dawa? Andika alivyonijibu. Kasema, "Mama, nikikwambia hazina hutoniamini. Shuka uzinuse mwenyewe."

Unaona mdomo wake?

Hemedi anamtazama Nassor. Nassor anafuta mikono kwa tambara, anatazama chini, anatazama huku dirishani.

"Mama, njoo. Tunakungoja wewe ndiyo tuipandishe."

Mwanangu kaniita, Mueni. Umesikia? Nipe shungi langu, lile pale juu ya kiti. Weka kalamu, yaliyobaki ntamwambia mwenyewe. Nakuja, Nassor. Nakuja, msipige msumari mpaka nifike.